Barua ya wazi kwa wakuu wa ofisi: iondoeni karatasi ya "Usisasishe"

Kwa wakuu wa ofisi, shule, hospitali na mashirika, na kwa kila mwenye mamlaka juu ya kompyuta zinazotumiwa na watu wengine,

YAH: VIVINJARI VISIVYOSASISHWA NA WATU WANAOLAUMIWA KWA AJILI YAKE

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupita meza kwa meza, kusikiliza malalamiko ya watu kuhusu mashine zao na kuzirudisha katika hali ya kufanya kazi. Situngi sera, wala sina cheo kinacholingana na vyenu. Ninachokijua nimekijua kwa kukaa mbele ya skrini za watu wengine, na kwa sababu hiyo naomba mnisikilize katika jambo moja tu: kivinjari, yaani programu ambayo mtumishi hufungulia tovuti, barua pepe na mifumo ya kazi, kimekuwa mlango mkuu wa kuingilia ofisi zetu, na maamuzi yanayouacha mlango huo wazi hayafanywi na mtumishi aliyekaa mbele yake. Mnayafanya ninyi, na mara nyingi mnayafanya bila kujua kwamba mmeyafanya.

Naomba nianze na tukio nililolishuhudia. Katika ofisi moja niliyowahi kuihudumia kulikuwa na kompyuta ya masijala iliyobandikwa karatasi kwenye ukingo wa skrini. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: USISASISHE. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno "kwa agizo la uongozi". Utepe wa gundi ulioishikilia ulikuwa umegeuka njano na kukauka, na pembe moja ya karatasi ilikuwa imejikunja. Sababu ya agizo hilo ilieleweka. Mfumo wa kutunza majalada ulikuwa umetengenezwa zamani na mkandarasi aliyekwisha kumaliza mkataba wake na kuondoka, na kila kivinjari kilipopanda toleo, baadhi ya kurasa za mfumo zilikataa kufunguka. Badala ya kuurekebisha mfumo, ofisi ilizima masasisho ya kivinjari, ikabandika karatasi, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mtumishi aliyekuwa akiitumia kompyuta hiyo ni mama mtu mzima, makini kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Alikuwa akikariri nywila yake badala ya kuiandika kwenye daftari, na alifunga skrini hata alipokwenda kupokea bahasha mlangoni. Kivinjari kilimwambia kila asubuhi kwamba kimepitwa na wakati, naye kila asubuhi aliufunga ujumbe huo, kwa kuwa karatasi ilimwagiza hivyo. Siku moja, wakati wa mapumziko, alifungua tovuti ya habari. Hakupakua faili, hakubofya tangazo, hakuandika nywila yake popote. Baada ya siku chache barua pepe zikaanza kutoka kwenye anwani yake kwenda kwa kila mtu aliyewahi kuwasiliana naye, zikiwa zimebeba kiambatisho ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiona.

Niliitwa kukagua. Historia ya kivinjari ililingana na maelezo yake neno kwa neno. Folda ya vilivyopakuliwa haikuwa na kitu zaidi ya fomu za kazi. Kumbukumbu za mtandao zilionyesha kwamba, dakika ile ile matangazo ya ukurasa ule wa habari yalipopakiwa, kompyuta ilianza kuwasiliana na seva isiyohusiana kabisa na tovuti aliyoifungua. Toleo la kivinjari lilikuwa limebaki nyuma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Niliyaandika hayo yote kwenye taarifa yangu. Taarifa ya ofisi, iliyotoka baada ya yangu, ilikuwa na hitimisho la sentensi moja: mtumishi alikosa uangalifu. Alipewa barua ya onyo, na nakala yake ikawekwa kwenye jalada lake. Karatasi ya USISASISHE ilibaki pale pale.

Tangu siku hiyo nimeona mambo ya aina hiyo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba tatizo linaanzia kwenye kutofahamu jinsi kivinjari kinavyoshambuliwa. Wakuu wengi niliozungumza nao wanaamini kwamba mtu hawezi kuambukizwa bila kubofya kitu kibaya au kupakua kitu kibaya. Kwa kivinjari kilichosasishwa imani hiyo inakaribia ukweli. Kwa kivinjari kilichoachwa nyuma si kweli hata kidogo, na naomba ruhusa yenu nieleze kwa nini.

Mtu anapofungua ukurasa mmoja, kivinjari hakipokei ukurasa kama mtu anavyopokea gazeti lililokwisha kuchapishwa. Kinapokea maelekezo, na kinayatekeleza papo hapo ndani ya mashine yenu: chora picha hii, panga herufi hizi, cheza video hii, endesha msimbo huu. Maelekezo hayo mara nyingi hayatoki mahali pamoja. Ukurasa wa habari unaweza kukusanya vipande kutoka seva nyingi, na nafasi za matangazo hujazwa na mitandao ambayo hata mhariri wa tovuti hajui leo itaonyesha nini. Ili kuyatekeleza hayo yote, kivinjari kina mamilioni ya mistari ya msimbo, na ndani ya msimbo wa ukubwa huo makosa hayakosekani. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium, mradi ambao ndio msingi wa Chrome, Edge na vivinjari vingine vingi, walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro zao kubwa za usalama zinatokana na jinsi programu inavyosimamia kumbukumbu ya kompyuta, na kwamba nusu ya hizo ni za aina moja: programu kurudi kutumia sehemu ya kumbukumbu ambayo ilikwisha kuiachilia. Ni kama mtu aliyehama nyumba akairudia usiku kwa mazoea, akaingia na kulala, bila kujua kwamba mpangaji mwingine amekwisha kuhamia na kupanga vitu vyake humo. Mshambuliaji ndiye huyo mpangaji. Anaandaa ukurasa utakaokifanya kivinjari kiachilie sehemu fulani, anaijaza sehemu hiyo kwa maelekezo yake, kisha anasubiri kivinjari kirudi na kuyafuata kana kwamba ni ya kwake.

Katika mtiririko huo wote hakuna hatua inayohitaji mtumishi abofye chochote. Mnamo Septemba 2023 ilibainika kasoro ndani ya maktaba ya programu iitwayo libwebp, ambayo vivinjari huitumia kufungua picha za muundo wa WebP tu. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kufanya data ifurike nje ya nafasi iliyotengewa na kumpa mshambuliaji njia ya kuingia. Kasoro hiyo iliripotiwa tarehe 6 Septemba na timu ya usalama ya Apple pamoja na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, na ilikuwa tayari inatumiwa kushambulia watu. Chrome ilipata kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro hiyo, tarehe 11 Septemba, na Firefox siku iliyofuata. Kwa kompyuta iliyosasisha wiki ile, hatari ile ya picha ikawa imepita. Kwa kompyuta yenye karatasi kwenye skrini, kila picha kwenye kila ukurasa iliendelea kuwa njia inayowezekana ya kuingilia, na hakuna semina ya uangalifu inayoweza kumfundisha mtu kutotazama picha.

Miaka minane kabla ya hapo, mnamo Agosti 2015, Mozilla ilitoa toleo la dharura la Firefox baada ya kugundulika kwamba tangazo lililokuwa likionyeshwa kwenye tovuti ya habari nchini Urusi lilitumia kasoro ya kisomaji cha PDF kilichomo ndani ya kivinjari. Tangazo lile lilitafuta mafaili ya siri kwenye kompyuta ya msomaji na kuyatuma kwenye seva ya mbali, bila kuacha alama kwenye mashine. Wasomaji wale walikuwa wakisoma habari, kama yule mama wa masijala.

Najua mtanijibu kwamba antivirusi ipo. Ipo, na isiondolewe. Lakini kazi yake kubwa ni kutambua kitu kibaya kilichokwisha kuingia na kinachofanana na vitu vibaya vinavyojulikana. Haizibi tundu la kivinjari. Pia mtaniambia kwamba watumishi wamefundishwa kutazama alama ya kufuli kwenye upau wa anwani. Kufuli lile linasema kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamefichwa njiani. Halisemi lolote kuhusu nia ya aliye upande wa pili. Tovuti ya mdanganyifu nayo huwa na kufuli.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa gumu kuliko yote, kwa sababu linahusu muda. Nimesikia wakuu wengi wakisema, kwa nia njema, "tusubiri kwanza tuone sasisho hili litawaletea wengine shida gani." Hekima ya kusubiri inafaa katika mambo mengi, lakini katika viraka vya usalama wa kivinjari inafanya kazi kinyume. Kiraka kinapotoka, hakitoki kwa siri. Msimbo wa Chromium na wa Firefox uko wazi kwa dunia nzima, na mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo la zamani na jipya, akaona mahali palipobadilishwa, na kutokana na badiliko hilo akatambua tundu lilikuwa wapi. Kabla ya kiraka, kasoro huenda ikajulikana na wachache. Baada ya kiraka, inajulikana na kila mwenye nia ya kuitafuta, na wanaobaki hatarini ni wale tu ambao hawajasasisha. Kwa hiyo kila siku ya kusubiri ni siku ambayo mshambuliaji anajua zaidi huku ninyi mkibaki mlivyokuwa. Google yenyewe ililitambua hilo, na tangu Agosti 2023 Chrome hutoa masasisho ya usalama kila wiki, ili kufupisha muda ule kati ya msimbo kurekebishwa hadharani na watumiaji kufikiwa na marekebisho hayo. Ofisi inayosasisha vivinjari mara mbili kwa mwaka, kwenye zoezi la ukaguzi wa vifaa, inaishi nje ya kasi hiyo kabisa.

Hata pale masasisho yalipoachwa wazi, kuna hatua ndogo inayosahaulika. Kivinjari hupakua toleo jipya chinichini, lakini hakianzi kulitumia mpaka kifungwe na kufunguliwa tena. Nimekuta mashine ambazo hazijawahi kufunga kivinjari kwa wiki nyingi, zenye vichupo, yaani kurasa zilizoachwa wazi, arobaini na zaidi vilivyopangwa kwa mstari mwembamba kiasi kwamba majina yake hayasomeki, huku pale kwenye kona ya juu kitufe cha kuomba kuanzishwa upya kikiwa kimegeuka chekundu. Mtumishi anaogopa kukibofya kwa sababu anaogopa kupoteza kazi yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vichupo hivyo vinaweza kurejeshwa. Msimamizi wa mfumo anaweza kuweka kanuni inayomwonya mtumiaji mapema, kisha kivinjari kikajifungua upya chenyewe saa za kazi zikiisha. Ni mpangilio wa nusu siku. Ninachokosa mimi fundi ili kuuweka ni idhini yenu ya maandishi.

Turudi kwenye mfumo ule wa majalada, kwa sababu hapo ndipo pingamizi lenu la haki lilipo. Ni kweli kwamba sasisho linaweza kuvunja mfumo wa kazi, na sitaki kulidharau hilo. Nimewahi kulaumiwa mimi mwenyewe kwa kusasisha mashine asubuhi ya siku ya kufunga hesabu. Lakini mfumo unaodai kivinjari cha zamani ni deni lililofichwa, na historia imekwisha kuonyesha linavyolipwa. Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft, ilitoka mwaka 2001, na ofisi nyingi duniani zilijenga mifumo yao ya ndani kwa kufuata tabia zake za pekee. Mnamo Januari 2010 Google ilitangaza kwamba ilishambuliwa, na ikajulikana kwamba washambuliaji walipitia kasoro ya Internet Explorer ambayo haikuwa na kiraka. Kabla kiraka cha dharura hakijatoka tarehe 21 Januari, mamlaka za usalama wa mitandao za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri watu watumie kivinjari kingine kwa muda. Ushauri ulikuwa mwema, lakini ofisi ambayo mifumo yake ilifunguka kwenye kivinjari kimoja tu haikuwa na mahali pa kukimbilia. Korea Kusini iliishi na tatizo la aina hiyo kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa huduma za benki na za serikali zilitegemea vyeti vya kidijitali vilivyoendeshwa kwa teknolojia ya ActiveX, ambayo ilifanya kazi ndani ya Internet Explorer. Nchi yenye intaneti ya kasi kubwa ikawa imefungwa kwenye kivinjari kilichokuwa kikizeeka. Microsoft ilikistaafisha rasmi Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022.

Waliofanya maamuzi hayo ya awali hawakuwa watu wazembe. Walisaini mikataba ya mifumo bila kuweka sharti kwamba mfumo ufanye kazi kwenye vivinjari vya kawaida vilivyosasishwa, na kwamba aliyeutengeneza ataendelea kuurekebisha. Sharti hilo lina mstari mmoja au miwili. Naomba liwemo katika kila mkataba mtakaousaini kuanzia sasa, na katika ile ya zamani litafutwe namna ya kuliongeza wakati wa kuihuisha.

Kwa mfumo ambao hauwezi kubadilishwa leo, njia zipo, na si lazima kila mashine itolewe kafara kwa ajili yake. Edge ina hali maalumu inayofungua kurasa chache zilizotajwa kwa jina kama Internet Explorer ilivyokuwa ikizifungua, huku kurasa nyingine zote zikiendelea kwenye injini ya kisasa, na Microsoft imeahidi kuiendeleza hali hiyo angalau hadi mwaka 2029. Firefox ina tawi la muda mrefu kwa ajili ya taasisi, ambalo halibadiliki sura mara kwa mara lakini linaendelea kupokea viraka vya usalama. Na ikishindikana kabisa, kivinjari cha zamani kinaweza kuachwa kwa mfumo ule mmoja tu, kikazuiwa kwenye mtandao kisifikie tovuti nyingine yoyote, na mtumishi akapewa kivinjari kipya kwa mambo mengine yote. Yule mama angekuwa na alama mbili kwenye skrini yake: moja ya majalada, nyingine ya dunia. Hakuna aliyempa ya pili. Badala ya kupunguza matumizi ya chombo kilichochakaa, ofisi iliacha kitumike kwa kila kitu kisha ikamtaka mtumiaji awe mwangalifu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nimeukumbuka msemo huo kila nilipoona agizo la uangalifu likishushwa kwa mtu asiye na haki ya kubadilisha hata mpangilio mmoja kwenye mashine anayoitumia.

Zipo pia mashine ambazo haziwezi kusasishwa hata mtu akitaka, kwa kuwa mfumo wake wa uendeshaji umeachwa. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7, na kuanzia toleo lililofuata, Februari 2023, mashine hizo zilibaki zilivyo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya namna hiyo inawaka, inafungua tovuti, inachapisha, na kwenye orodha ya mali ya ofisi inahesabiwa kuwa nzima. Mimi siwezi kuifanya iwe salama kwa bisibisi. Ni suala la bajeti, na bajeti iko mikononi mwenu: ama iwekewe mfumo mwingine wa uendeshaji unaoendelea kuhudumiwa, ama itolewe kwenye intaneti na kubakizwa kwa kazi zisizoihitaji, ama ibadilishwe.

Nisisahau viendelezi, yaani vile vijiprogramu vidogo ambavyo watu huongeza kwenye vivinjari vyao kwa ajili ya kutafsiri, kunasa picha za skrini au kuzuia matangazo. Kivinjari kikiwa kipya kabisa, kiendelezi kibaya bado kinaweza kusoma kila kinachoonekana kwenye ukurasa, kwa sababu mtumiaji mwenyewe alikipa ruhusa. Kiendelezi cha The Great Suspender kilikuwa na watumiaji wengi na sifa njema. Mwaka 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa watu wengine, na mwezi Februari 2021 Google ilikizima ikisema kina programu hasidi. Watumiaji hawakuwa wamebadilisha chochote. Kwa kompyuta za kazi ni vyema pawe na orodha fupi ya viendelezi vilivyoruhusiwa, ikipitiwa upya kila baada ya muda, na vingine vyote vizuiwe.

Kuna madhara mengine ya kuzima masasisho ambayo sikuyatarajia mpaka nilipoyaona. Wadanganyifu hutengeneza kurasa zinazotangaza kwa herufi kubwa kwamba kivinjari chako kimepitwa na wakati, na kukutaka ubofye ili kupakua sasisho, ambalo kwa hakika ni programu hasidi. Njia ya kuitambua hila hiyo ni rahisi: sasisho la kweli hutoka ndani ya menyu ya kivinjari chenyewe au kwenye duka rasmi la programu, na halitoki kamwe ndani ya ukurasa wa tovuti unayoitembelea. Lakini mtumishi ambaye ofisi imemzoesha kwamba kivinjari chake ni cha zamani kweli, na ambaye anaona maonyo ya kweli kila siku bila kuruhusiwa kuyafuata, ana sababu zote za kuuamini ukurasa wa uongo siku anapochoka na maonyo. Ninyi mlio na mamlaka mmemfundisha kwamba onyo la kweli halina maana. Msishangae akishindwa kulitofautisha na la uongo.

Simu za kazi nazo zina mlango uleule. Kwenye simu za Android, kivinjari husasishwa kupitia duka la programu, na pia kuna kijenzi kiitwacho WebView ambacho programu nyingine hukitumia kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Vyote viwili vinapaswa kuachwa visasishwe. Kwenye iPhone, injini ya Safari husasishwa pamoja na mfumo mzima wa simu, kwa hiyo anayeahirisha sasisho la simu anaahirisha la kivinjari pia. Ofisi inayowapa watumishi simu lakini inawabania kifurushi cha data hadi wakazima masasisho ili kukiokoa, imefanya uamuzi wa usalama kupitia dirisha la uhasibu.

Ninachowaomba, waheshimiwa, kinaweza kuanza wiki hii. Mtajeni mtu mmoja, kwa jina na kwa maandishi, ambaye kazi yake ni kujua kila kivinjari kwenye taasisi yenu kiko toleo gani, na mumpe mamlaka ya kusasisha bila kuomba ruhusa upya kila mara. Ruhusuni masasisho ya moja kwa moja kuwa hali ya kawaida, na atakayetaka kuyazima popote aandike sababu, mashine inayohusika na tarehe ambayo ruhusa hiyo itakwisha. Kundi dogo la mashine, zikiwemo zinazotumia mifumo yenu mikuu, litangulie kupokea matoleo mapya kwa siku chache ili hitilafu ionekane mapema. Siku chache, si miezi. Na siku tukio litakapotokea, swali la kwanza kwenye fomu ya uchunguzi liwe kivinjari kilikuwa toleo gani na nani aliamua kibaki hapo, kabla ya swali la mtumishi alibofya nini.

Mwisho, nina ombi ambalo si la kiufundi. Katika majalada ya watumishi wenu kuna barua za onyo zilizoandikwa baada ya matukio ya namna niliyoieleza. Naomba zisomwe tena, moja baada ya nyingine, zikiwa zimewekwa kando ya rekodi ya matoleo ya kivinjari ya siku ile. Pale itakapoonekana kwamba mtumishi alifuata agizo la kutosasisha, barua yake ifutwe, na aelezwe kwa maandishi kwamba imefutwa. Yule mama wa masijala alistaafu miezi michache baada ya tukio, na barua ile ikiwa bado kwenye jalada lake. Siku ya kuaga aliniuliza, kwa sauti ya chini na akiwa na haya ambayo hakustahili kuwa nayo, ni wapi hasa alipokosea. Nilimwambia hakukosea mahali popote. Jibu hilo lilipaswa kutoka kwa uongozi wake.

Natanguliza shukrani kwa muda wenu.

Wenu katika kazi,

Fundi wa kompyuta